Kazi ya Kuwapokea Wanaojitolea wa Afya ya Akili Kisumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila shirika la ng'ambo linaloleta wanaojitolea wa afya ya akili linapotangaza nafasi za kazi Kisumu, simu za waratibu kama mimi hulia mfululizo. Wanaopiga ni vijana waliotoka chuo majuzi na shahada ya saikolojia, wauguzi waliostaafu, akina mama wa mitaa ya Milimani na Tom Mboya wenye chumba cha ziada, na mara nyingine mzazi anayetaka kujua bintiye anaingia kwenye kazi gani hii ya wazungu na wagonjwa wa akili. Maswali yao ndiyo haya. Majibu ni ya mtu aliyekaa upande wa huku. Ofisi za London na Dublin zina majibu yao.

Shirika la aina hii hufanya nini hasa?

Yapo ya aina mbili, na ujue unaomba kazi kwa lipi kabla hujatuma barua. Aina ya kwanza huchukua wanafunzi na wahitimu wapya wa saikolojia, uuguzi au kazi za jamii kutoka Uingereza, Ireland, Uholanzi au Marekani, na kuwaleta kwa wiki kadhaa au miezi michache. Mara nyingi wageni hawa hujilipia. Aina ya pili huleta wataalamu wenye leseni, yaani madaktari wa akili, wauguzi wa akili na wanasaikolojia, ili wawafundishe na kuwasimamia wahudumu wa hapa. Kazi ya mratibu kwa aina ya kwanza ni kama ya mwalimu wa zamu. Kwa aina ya pili inakaribia ya katibu wa chuo: ratiba, barua za kaunti, orodha ya wanaofundishwa, na kufuatilia kama mafunzo yametumika.

Hao wageni wanakuja kutibu watu wetu?

Hapana, na shirika likikujibu "ndiyo" tafuta kazi kwingine. Kijana mwenye shahada ya kwanza ya saikolojia kutoka Uingereza haruhusiwi kumtibu mtu hata kwao. Kule, mwanasaikolojia wa kliniki husoma miaka 3 zaidi kwa shahada ya uzamivu na kusajiliwa ndipo atumie jina hilo. Ndege ya saa nane haimwongezei cheo. Hapa kwetu kuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inayotaka usajili, na daktari au muuguzi mgeni lazima apate leseni ya baraza lake la Kenya kabla hajamgusa mgonjwa.

Wasio na leseni hushiriki shughuli za vikundi, kama vile kuchora, michezo, bustani na mazoezi ya Kiingereza, katika vituo vya mchana na shule. Hutayarisha vifaa vya kufundishia. Hukaa kliniki wakitazama, mgonjwa akikubali.

Kama hawatibu, wana faida gani?

Hili ndilo swali bora kuliko yote na nitalijibu kwa urefu.

Ushahidi wa miaka ya karibuni unaonyesha kuwa msaada mwingi wa mfadhaiko hauhitaji mgeni. Kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha Friendship Bench mwaka 2006 huko Harare. Nyanya wa mtaani wanafunzwa, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wanamsaidia kupanga matatizo yake na kulichukua moja la kuanzia. Majaribio yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kuwa wagonjwa waliopitia kwa nyanya hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapa Kenya, mbinu ya Shirika la Afya Duniani yenye vikao 5 tu ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ikitolewa na wahudumu wa jamii wasio wataalamu, na ikasaidia. Mtu anayejua bei ya omena wiki hii, anayejua mume wa mgonjwa hufanya kazi gani, na atakayekuwepo mwezi ujao, ana kitu ambacho mgeni wa wiki sita hawezi kuja nacho kwenye begi.

Basi mgeni anafaa wapi? Mtaalamu anafaa kumfundisha muuguzi wa Ahero au Kombewa kutumia mwongozo wa mhGAP, ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2010 kwa ajili ya vituo visivyo na daktari wa akili, kisha akaendelea kumsimamia kwa simu baada ya kurudi kwao. Kijana asiye mtaalamu anafaa kuongeza mikono na saa pale ambapo muuguzi mmoja ana foleni ya kliniki nzima na hana wa kukaa na waliosubiri. Zaidi ya hapo mimi huwa na kanuni moja, na ndiyo ninayopimia kila ombi la mgeni: asianzishe jambo ambalo hana wa kumkabidhi. Akitaka kuanzisha kikundi cha akina mama cha Jumanne, namuuliza nani atakiendesha Jumanne ya kwanza baada ya yeye kupanda ndege. Akikosa jina la kunitajia, kikundi hakianzi. Wengine hununa. Na wanune.

Lazima niwe na shahada ya saikolojia?

Kwa msimamizi wa kitaaluma, ndiyo, pamoja na usajili na uzoefu wa wodini au kliniki. Kwa mratibu, shahada ni nyongeza tu. Kinachotafutwa ni mtu anayeweza kuandika barua kwa afisa wa afya wa kaunti asubuhi, kubishana na mwenye tuktuk mchana, na jioni kumwambia mgeni aliyelia siku nzima kwamba kesho apumzike. Wauguzi waliostaafu hufanya kazi hii vizuri ajabu. Wamezoea dharura na hawatishiki na cheo cha mtu.

Jambo moja haliachwi, nalo ni cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi, kinachoombwa kupitia eCitizen. Kama shirika halijakuomba cheti hicho, na kazi inahusu wagonjwa na watoto, wewe ndiye wa kushtuka.

Kazi ya ukalimani ikoje? Mimi nazungumza Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza vizuri.

Kuzungumza vizuri ni mwanzo tu. Mkalimani wa soko na mkalimani wa kliniki ya akili ni watu wawili. Mgonjwa akitoa maneno yasiyofuatana, kazi yako ni kuyapeleka hivyo hivyo yasivyofuatana. Ukiyapanga ili yaeleweke, umeficha dalili ambayo daktari anaitafuta. Hili huwashinda watu wenye adabu nzuri, kwa sababu adabu yetu ni kumsitiri mgonjwa, na anayesitiri hapa anaharibu.

Kitu cha pili ni jamaa. Mgonjwa anaulizwa, mama mkwe anajibu. Mkalimani mzuri humtafsiria daktari kwamba aliyejibu ni mama mkwe, kisha huelekeza swali tena kwa mgonjwa kwa heshima: "Mama, tumekusikia, asante. Tungependa pia kumsikia yeye mwenyewe." Usiseme "anasema kwamba". Sema kama yeye alivyosema, "silali, nasikia watu ukutani". Kaa kando kidogo nyuma ya mgonjwa, siyo katikati, ili yeye na daktari watazamane. Kukiwa na kimya, kiache.

Na kama mgonjwa ni wa kijiji chenu, jitoe. Mwite mwenzako. Hata kama hamjuani, nyumba zenu zinajuana, na hatasema la maana mbele yako.

Kuhusu lugha zenyewe: Kisumu mjini Kiswahili na Kijaluo vinatosha. Ukienda Vihiga na Kakamega utahitaji mtu wa lugha za Kiluhya, na si kila Mluhya anaelewa Kiluhya chote. Nakuru imechanganyika zaidi na Kiswahili hubeba mzigo mkubwa huko.

Mshahara ni kiasi gani?

Hutofautiana mno na sitakutajia tarakimu. Nitakutajia cha kuuliza. Mkataba wa miezi 3 au zaidi lazima uandikwe, ndivyo Sheria ya Ajira ya 2007 inavyotaka, na sheria hiyo hiyo inakupa likizo ya siku 21 zenye malipo kwa mwaka. Angalia kama shirika linakata na kupeleka NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya, asilimia 2.75 ya mshahara ghafi) na tozo ya nyumba (asilimia 1.5). Mashirika madogo hupenda kukuita "mshauri" ili yasikate chochote. Ukiugua ndipo utajua wewe ni mshauri wa nani.

Uliza pia pesa zinatoka wapi. Kama zinatoka kwenye ada za wageni, basi msimu wageni wakipungua mshahara wako umo hatarini, jinsi ilivyokuwa mwaka 2020 ndege ziliposimama. Uliza ni sehemu gani ya ada hiyo inafika Kisumu. Swali hili huwafanya wahoji wengine wajikohoze, na kikohozi hicho ni jibu.

Nimeambiwa nitume pesa ya usajili kabla ya mahojiano.

Usitume.

Nikifanya kazi vizuri, watanipeleka ng'ambo?

Mara chache sana. Wapo waliokwenda mkutanoni au kusoma, lakini hakuna shirika la kweli linaloahidi hivyo kwenye tangazo la kazi. Ukiingia kwa ajili ya viza, utachoka kufikia mwezi wa tatu.

Nina chumba. Nawezaje kuwa familia mwenyeji?

Shirika litakuja kuona nyumba: choo, maji, kufuli, chandarua, na nani wanaishi humo. Hulipwa kwa usiku au kwa wiki, na malipo hayo yasiwe tegemeo lako la karo, maana miezi mingine chumba kitakaa kitupu. Mama wengi huhangaika kuhusu chakula. Msihangaike. Ugali, sukuma, samaki wa ngege siku ya Jumapili, chai ya asubuhi, wanakula. Asiyekula nyama atasema, na dengu zipo soko la Jubilee.

Linalosumbua zaidi ni faragha. Mgeni akijifungia chumbani jioni si kiburi. Huenda ametoka wodini na anataka kunyamaza. Mgongee chakula kikiwa tayari, kisha mwache. Na usimuulize habari za wagonjwa aliowaona, hata kama unamfahamu mmoja wao. Hasa kama unamfahamu mmoja wao.

Mgeni akizidiwa yeye mwenyewe je?

Hutokea kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanaovutiwa na fani hii wamewahi kuguswa nyumbani, na baadhi huja wakiwa wameacha dawa zao za mfadhaiko kwa kuona aibu kuzitaja kwenye fomu. Ndiyo maana fomu iwe ya siri, isomwe na msimamizi wa kitaaluma peke yake, na ijazwe kabla ya tiketi kununuliwa.

Kuna jambo ambalo waratibu wapya hawalijui. Kisumu iko kwenye ukanda wa ziwa wenye malaria mwaka mzima, kwa hiyo wageni humeza dawa za kinga. Mojawapo, mefloquine, inajulikana kuleta ndoto za kutisha, wasiwasi na hata kuona visivyokuwepo kwa baadhi ya watu, na haifai kwa mwenye historia ya ugonjwa wa akili. Kijana akianza kukosa usingizi na kushuku wenzake wiki ya pili, swali la kwanza ni: unameza nini? Mpeleke kwa daktari abadilishiwe, asiiache tu akabaki bila kinga. Na akipata homa, apimwe malaria siku hiyo hiyo kabla hamjaanza kujadili msongo. (Kuhusu kuogelea ziwani Dunga, jibu ni hapana. Kichocho hakijali bima ya mtu.)

Zaidi ya hapo, panga kikao cha kila wiki ambapo wageni na wafanyakazi wa hapa wanasema kilichowaelemea. Nasisitiza wafanyakazi wa hapa. Mashirika mengi yana nambari ya ushauri ya saa 24 kwa mgeni wa wiki sita, na hayana chochote kwa mkalimani aliyesikiliza mambo yale yale miaka minne. Ukihojiwa, uliza hilo pia.

Kwa nini mnakataa kuwapeleka wageni kwenye makao ya watoto?

Kwa sababu mtoto aliyeachwa mara moja hahitaji kuachwa tena kila baada ya wiki sita na mtu aliyemzoea na kumpenda. Anayemrukia mgeni mapajani dakika ya kwanza hafanyi hivyo kwa furaha. Ni mtoto ambaye hajapata wa kumshika daima. Tena pesa za wageni huwapa wenye makao sababu ya kuwaweka watoto ambao wana wazazi au shangazi. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia. Shirika linaloendelea kuuza "wiki mbili na mayatima wa Kisumu" halijasoma, au limesoma likapuuza.

Picha je? Wageni wanapenda kupiga picha.

Wodini na kliniki, simu hukaa mfukoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti, na habari za mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi. Idhini ya mtu aliye katika wazimu mkali wiki hii si idhini. Jina, uso, hata fulana yenye jina la shule: vyote vinamtambulisha mtu hapa kwetu, mji si mkubwa.

Mgonjwa akimwambia mgeni kwamba anataka kujiua, itakuwaje?

Mgeni hashughuliki peke yake wala haahidi kutunza siri hiyo. Anabaki na mtu huyo, na papo hapo anamwita msimamizi. Msimamizi humuuliza mgonjwa waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kisha jamaa anayeaminika anaitwa, dawa za shambani na vitu vya hatari vinaondolewa nyumbani, na mtu anasindikizwa hospitali, kwa mfano ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado wanaiita Russia. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure kwa ushauri, na 116 ni ya watoto.

Familia nyingi bado huficha kwa hofu ya polisi. Hofu hiyo ina msingi: kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waelezeni watu, maana habari hii haijafika vijijini.

Mnashirikiana na waganga na wachungaji?

Tunazungumza nao. Familia ya huku mara nyingi huanza na maombi au mganga, kisha kliniki, au vyote pamoja, na mgeni anayekuja kuwacheka atafungiwa mlango na pande zote. Mstari wetu ni mmoja: hakuna minyororo, hakuna kumlazimisha mtu kufunga kula, hakuna kumwambia mwenye kifafa au anayepata sindano ya kila mwezi ya ugonjwa wa akili aache dawa. Mchungaji anayekubali hayo ni mwenzetu, na huko kanisani ana watu wengi kuliko kliniki yoyote.

Nitajuaje kama shirika ni halali?

Liombe cheti cha usajili. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024 na kuchukua nafasi ya ile ya 1990, kwa hiyo uliza pia kama limehama kwenye utaratibu mpya. Uliza barua ya makubaliano na kaunti, maana tangu Katiba ya 2010 hospitali nyingi ziko chini ya kaunti na si Nairobi. Na uliza wageni wanaingia kwa kibali gani. Idara ya Uhamiaji inaihesabu kazi ya kujitolea kuwa kazi. Anayekuja kwa utalii halafu akaonekana wodini anaweza kurudishwa kwao, na wewe uliyemwandikia ratiba utaulizwa.

Maandamano na uchaguzi?

Kila ofisi iwe na mpango ulioandikwa: nani anampigia nani, chakula na maji ya siku kadhaa, nani asipite mtaa wa Kondele. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na busara ni kutopokea kundi jipya kuanzia Julai hadi mambo yatulie. Lakini kliniki haifungwi kwa sababu wageni hawapo. Wagonjwa wa sindano wanazo tarehe zao, na siku kama hizo mratibu hupanga boda boda za kuaminika kuwafikisha.

Niombe kazi lini?

Wageni wengi hufuata likizo za vyuo vyao, Juni hadi Septemba, kwa hiyo ofisi huajiri kati ya Januari na Machi ili kuwe na muda wa mafunzo. Nafasi za ukalimani hutangazwa kwa kuchelewa zaidi, mara nyingi Aprili au Mei. Tuma barua ya ukurasa mmoja, majina ya wadhamini wawili ambao si ndugu zako, na nakala ya cheti cha mwenendo mwema. Kwenye mahojiano utapewa kisa, kwa mfano mgeni anayetaka kumpa mgonjwa nambari yake ya simu, na utaulizwa ungefanya nini. Anayeuliza kwanza mgonjwa huyo anahudumiwa na nani kwa sasa ndiye huitwa tena.